Kwa Nini Twafinyanga Udongo Katika Somo la Kemia

Katika muhula huu wazazi kadha wameniuliza kwa nini watoto wao hurudi nyumbani na udongo kwenye kucha siku za somo la Kemia. Mzazi mmoja alisema kwa upole, lakini nilimwelewa vizuri, kwamba yeye alimleta kijana wake asome sayansi, si ufinyanzi. Mwalimu mwenzangu naye aliniuliza kama muhtasari wa Kidato cha Nne utakwisha kabla ya mtihani, ikiwa vipindi vinne vizima vitatumika kuchomeka vijiti kwenye madonge ya udongo. Maswali hayo ni ya haki. Nimeona yafaa niyajibu pamoja katika jarida letu, ili na wanafunzi wenyewe wajue nilikuwa nikitafuta nini.

Jibu langu laanza mbali kidogo, katika mwaka wangu wa kwanza wa Chuo Kikuu. Nilitoka shuleni nikijiona mjuzi wa Kemia. Fomula nilikuwa nazo kichwani, na kuzichora ubaoni nilikuwa hodari. Katika jaribio la kwanza tuliulizwa swali fupi: kuna kampaundi ngapi zenye fomula CH2Cl2? Nikachora kama nilivyozoea. Niliweka kaboni katikati, na kutoka kwake nikapiga mistari minne: juu, chini, kulia na kushoto. Nikaona kwamba atomi mbili za klorini zaweza kukaa jirani, moja juu na moja kulia. Au zaweza kuelekeana, moja juu na moja chini. Nikaandika kwa furaha: ziko mbili. Nikapata sifuri.

Mhadhiri hakunigombeza. Aliniita mezani kwake akanipa mipira miwili myeusi, kila mmoja una matundu manne, na mipira midogo myeupe na ya kijani, na vijiti. “Haya,” akasema, “nitengenezee hizo mbili zako.” Nikaunda ya kwanza, nikaunda ya pili, nikaziweka mbele yake nikingoja asadiki. Yeye akaichukua moja, akaigeuza mara mbili mkononi, akaiweka kando ya nyingine. Zilikuwa sawasawa kabisa. Nikazichukua mwenyewe nikazigeuza huku na huku, nikitafuta tofauti niliyoiona kwa macho yangu kwenye karatasi. Haikuwapo. Iliumbwa na karatasi, kwa sababu karatasi ni bapa, na molekuli si bapa.

Miaka yote niliyosoma, hapana aliyeniambia hivyo waziwazi. Labda waliniambia, nami sikusikia, maana neno linalosemwa tu hupita. Tangu siku hiyo nilikuwa na nia kwamba nikipata darasa langu, wanafunzi wangu wasiende Chuo Kikuu na kaboni bapa vichwani mwao.

Basi tutazame mambo yenyewe. Kaboni ina vifungo vinne. Kila kifungo ni jozi ya elektroni, na elektroni zote zina chaji hasi, kwa hiyo jozi hizo hukimbiana. Kila moja yataka kukaa mbali na zenzake kadiri iwezekanavyo. Zikilala juu ya karatasi, pembe baina ya jirani na jirani ni nyuzi 90 tu. Je, hakuna namna ya kuachana zaidi?

Iko, na mtu aweza kuiona kwa senti chache. Nunua maputo manne, uyapulize yawe sawasawa, kisha ufunge shingo zake pamoja kwa uzi. Ukifunga mawili tu, yatalala katika mstari mmoja. Ukifunga matatu, yatakaa kama mafiga matatu yanavyopangwa, yakiachana kwa nyuzi 120. Lakini ukifunga manne hayatakubali kulala. Yasukume yawe bapa juu ya meza. Ukiyaachia, yatajirudi yenyewe. Moja litasimama juu, na matatu yatakuwa chini kama miguu ya kigoda. Ligeuze fungu zima upendavyo, daima litakuwa na moja juu na matatu chini. Pembe baina ya kila puto na jingine ni karibu nyuzi 109 na nusu. Umbo hilo laitwa tetrahedroni, na ndilo umbo la methani, CH4. Nilipofanya hivyo darasani, kijana mmoja wa nyuma aliendelea kuyasukuma maputo mpaka mawili yakapasuka. Sikumkasirikia, kwa maana alikuwa akiijaribu sheria ya maumbile kwa mikono yake.

Baada ya maputo tulikwenda kwenye udongo. Boksi za modeli za plastiki zauzwa, nazo ni nzuri, lakini moja haitoshi darasa la watu arobaini. Udongo wa mfinyanzi hauna bei, na vijiti tulivunja kutoka fagio la chelewa. Kaboni tuliipaka masizi ikawa nyeusi, hidrojeni tukaivingirisha katika unga wa chaki, oksijeni tukafinyanga kwa udongo mwekundu, nitrojeni tukaitia buluu ya kufulia, na klorini tukaipaka maji ya majani yaliyotwangwa. Rangi hizi si za kubuni kwangu. Katika mwezi wa Aprili mwaka 1865, mkemia wa Kijerumani August Wilhelm Hofmann alitoa hotuba kwenye Royal Institution mjini London. Ili watu waone namna atomi zinavyoshikana, alichukua mipira ya mbao ya mchezo wa kroke, ambao Waingereza huucheza majanini kwa nyundo ndefu, akaipaka rangi na kuiunganisha kwa vijiti. Kaboni aliipa nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, nitrojeni buluu na klorini kijani. Zaidi ya miaka 150 imepita, na rangi hizo bado zatumika katika maabara na katika kompyuta za dunia nzima.

Lakini liko jambo katika modeli za Hofmann ambalo hunipa faraja. Methani yake ilikuwa bapa! Mtaalamu yule, aliyewafundisha wengi, aliweka kaboni katikati na hidrojeni nne pande zake kama msalaba, vilevile nilivyofanya mimi katika jaribio langu. Vijiti vyake vilionyesha nani ameshikana na nani. Havikuonyesha wamekaaje angani.

Aliyelifungua fundo hilo alikuwa kijana wa miaka 22, Mholanzi, jina lake Jacobus Henricus van 't Hoff. Katika mwaka 1874 alitoa kijitabu kidogo akisema kwamba vifungo vinne vya kaboni huelekea pembe nne za tetrahedroni. Mwaka huohuo Mfaransa Joseph Achille Le Bel alitoa wazo lililokaribia sana hilo, bila ya wawili hao kuigizana. Hoja moja ya van 't Hoff ndiyo ile iliyoniangusha mimi: kaboni ikiwa bapa, CH2Cl2 ingekuwa ya namna mbili, lakini wakemia hawapati ila moja tu, kioevu kinachochemka kwenye nyuzi 40 hivi. Van 't Hoff alitengeneza tetrahedroni ndogo za karatasi ngumu akawapelekea wakemia wengine wazishike na kuzigeuza. Si wote waliopendezwa. Mkemia mashuhuri wa Ujerumani, Hermann Kolbe, aliandika mwaka 1877 akimdhihaki kwamba ni kijana wa shule ya uganga wa mifugo anayeota ndoto za atomi angani. Kolbe alikuwa mkemia mkubwa, lakini katika hili alikosea kabisa. Katika mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, aliyepewa ni van 't Hoff, ingawa ilikuwa kwa kazi yake nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi walilipenda kuliko yote. Kaboni ikishikana na vitu vinne vilivyo mbalimbali, modeli yaweza kuundwa kwa namna mbili, na hizo mbili hufanana kama mkono wa kulia ufananavyo na wa kushoto. Vaa kandambili ya kulia katika mguu wa kushoto, utajua ninachosema. Urefu ni ule, upana ni ule, kamba ni zilezile, lakini haikai. Iko kampaundi iitwayo kavoni, C10H14O, ambayo ina kaboni moja ya namna hiyo. Kavoni ya mkono mmoja ndiyo inayolipa jani la nanaa harufu yake, hasa aina ile ambayo Waingereza hutilia katika peremende. Kavoni ya mkono wa pili ndiyo harufu ya kisibiti. Nilileta vyote viwili darasani katika vikopo, wanafunzi wakafumba macho na kunusa, na hapana aliyechanganya. Kisha nikawaambia kwamba fomula ni moja, atomi ni zilezile, zimeshikana kwa utaratibu uleule, na pua yako imetambua tofauti ambayo kalamu yako ubaoni haiwezi kuionyesha. Hii ni kwa sababu ndani ya pua mna protini ambazo nazo zina mkono wao, kama kiatu kinavyoupokea mguu mmoja na kuukataa wa pili.

Jambo la pili ni la kawaida zaidi, lakini ndilo linalowapotezea watahiniwa alama. Niliwaambia darasa wachore isoma zote za C6H14, yaani kampaundi zenye fomula hiyo moja lakini zilizopangika mbalimbali. Nilikusanya madaftari. Wengi waliandika saba, wengine nane, na mmoja kumi na moja. Sikusahihisha hata moja. Niliwarudishia madaftari nikawapa udongo, nikasema kila mtu aunde alichokichora. Baada ya nusu saa kelele zikaanza: “Mwalimu, hii ni ileile!” Mnyororo uliochorwa umepinda kulia ulikuwa ndio uleule ulionyooka, tawi lililoning'inia chini lilikuwa ndilo lililosimama juu. Mwishoni zilibaki tano, na tano ndiyo idadi yenyewe. Yule wa kumi na moja alizibomoa sita zake moja moja kwa mkono wake, na naamini hatakosea tena.

Wengine waliuliza kama tofauti hizo zina maana yo yote nje ya mtihani. Tazama C5H12, yenye isoma tatu. Iliyonyooka huchemka kwenye nyuzi 36. Yenye tawi moja huchemka kwenye nyuzi 28. Ile ya tatu, iliyojikunja kama mpira, huchemka kwenye nyuzi 9 na nusu. Siku yenye joto la nyuzi 30, ya kwanza ni kioevu ndani ya chupa, na hizo mbili nyingine zimekwisha kuwa gesi. Shika modeli zake, sababu utaiona: iliyonyooka yaweza kulala ubavuni mwa mwenzake ikagusana naye mahali pengi, kama kuni zilizofungwa mtumba. Ile ya mviringo hugusana na mwenzake mahali padogo tu, kama machungwa kikapuni, na ni rahisi kuachana.

Yanipasa sasa niseme na aibu ya modeli zetu, maana kila modeli husema uongo fulani. Katika molekuli hakuna kijiti. Atomi hazina rangi. Wala hazikai mbalimbali na uwazi katikati kama madonge yetu, bali zimeingiliana, na mtu akitaka kuliona hilo hutumia modeli za namna nyingine ambazo mipira yake imekatwa ikabanana. Tena ziko ndogo kupita fikira. Katika methani ya kweli umbali kutoka kaboni hadi hidrojeni ni sehemu 109 za trilioni ya mita. Kijiti chetu kina sentimita 5, basi tumeikuza kama mara milioni 460. Chungwa la upana wa sentimita 8 likikuzwa hivyo lingekuwa na upana wa kilomita karibu 37,000, unaokaribia mara tatu ya upana wa dunia yetu.

Na modeli yaweza kuwa nzuri machoni, nayo ni ya uongo mtupu. Linus Pauling wa Marekani, akiwa mgonjwa kitandani mjini Oxford mwaka 1948, alichora mnyororo wa protini juu ya karatasi akaukunja, na kwa mkunjo huo akapata umbo la msokoto ambalo lilithibitika na kumpa sifa. Lakini mwaka 1953 Pauling huyohuyo alitangaza modeli ya DNA yenye nyuzi tatu, na ilikuwa makosa. James Watson na Francis Crick wa Cambridge nao waliunda ya nyuzi tatu mwishoni mwa mwaka 1951. Rosalind Franklin, aliyeipiga DNA picha kwa mionzi ya eksirei, alipoitazama aliona mara moja kwamba haiwezekani. Ile ya nyuzi mbili, ya mwaka 1953, ilisimama kwa kuwa ilipatana na vipimo. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea modeli nzuri, swali langu la kwanza ni moja: yapatana na kipimo gani?

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na najua wanafunzi walikuwa wakingoja niitaje. Katika miaka ya 1960, kwenye Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, Cyrus Levinthal na wenzake walianza kuzungusha picha za protini katika kioo cha kompyuta. Mwaka 1971 ilianzishwa hazina iitwayo Protein Data Bank, ikiwa na maumbo 7 tu ya protini. Leo yapita 200,000, na mtu ye yote mwenye intaneti aweza kuyatazama bure. Mwaka 2013 Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipewa Tuzo ya Nobel kwa njia za kukokotoa mambo ya molekuli kubwa kwa kompyuta. Na katika vyuo vikuu vingi mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutumia programu za bure kama Avogadro kuunda molekuli na kuikokotolea nishati.

Faida yake nitaionyesha kwa ethani, C2H6. Katika udongo, kaboni mbili zimeunganishwa kwa kijiti kimoja, nawe waweza kuzungusha upande mmoja bila kikwazo, kama gurudumu. Mkono wako hausikii cho chote. Lakini kompyuta ikikokotoa nishati katika kila hatua ya mzunguko, mstari hupanda na kushuka mara tatu. Hidrojeni za mbele zikisimama sawasawa mbele ya zile za nyuma, nishati huwa juu. Zikikaa katika nafasi zilizo baina yake, huwa chini. Tofauti ni kama kilojuli 12 kwa moli. Ni kilima kidogo, na katika joto la kawaida molekuli hukiruka mabilioni ya mara kwa nukta moja, lakini kilima kipo, na udongo haukukionyesha.

Pamoja na hayo sishauri kuanza na kompyuta, wala si kwa sababu tunazo chache. Kioo cha kompyuta nacho ni bapa. Mwanafunzi ambaye hajapata kuishika tetrahedroni huiona picha ikizunguka na kupendeza, lakini asijue kilicho mbele na kilicho nyuma. Aliyekwisha kuifinyanga, akiitazama kiooni, vidole vyake humwambia. Vipindi vile vinne, mwalimu mwenzangu, nimevirudisha tayari katika sura ya isoma, ambayo mwaka jana ilinichukua wiki tatu na mwaka huu imekwisha kwa wiki moja na nusu.

Kazi tuliyo nayo sasa ni C7H16. Vitabu husema isoma zake ni tisa. Kikundi cha dirishani kimepata nane na bado chatafuta. Kikundi cha mlangoni kimepata kumi, nami nilikwenda mezani kwao nikiwa tayari kuwaonyesha ipi waliyoirudia. Waliniwekea mbele modeli mbili za mnyororo wa kaboni sita wenye tawi moja kwenye kaboni ya tatu. Nikazigeuza kama nilivyogeuzwa mimi zamani, nikitaka zilingane. Hazikulingana. Kaboni ile ya tatu imeshika hidrojeni, tawi la kaboni moja, mkia wa kaboni mbili na mkia wa kaboni tatu: vitu vinne, vyote mbalimbali. Wamepata nanaa na kisibiti bila ya kutafuta. Nimewaambia wasibomoe hata moja, na waseme mpaka Ijumaa kama katika zile tisa iko nyingine yenye mikono miwili.